Jaribio la Thika: Namna Programu za Kompyuta Zinavyotengenezwa

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Leo tutazungumza habari ya programu za kompyuta: jinsi zinavyotengenezwa, na kwa nini nyingine huwafaa watu na nyingine huwatia hasara. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: programu, mradi, jaribio. Wanafunzi na wayasome pole pole, silabi kwa silabi.

Pengine mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi ndiyo kwanza nimejua kuandika jina langu. Kompyuta zanihusu nini?" Zakuhusu sana, ndugu yangu. Ukishika simu ya mkononi ukamtumia mama yako shilingi 5,000, umetumia programu. Ukipeleka kahawa au korosho kwenye chama cha ushirika, na karani akaandika uzito katika mashine badala ya kitabu, hesabu yako imo ndani ya programu. Na siku itakapofika chama chenu cha akiba na mikopo kikaletewa bwana mwenye tai, naye akasema, "Nunueni programu yangu," fedha atakazolipwa bwana yule ni zenu. Basi yafaa mjue mambo ya kumwuliza.

Programu ni orodha ya amri. Kompyuta huifuata amri moja moja, kwa mwendo wa haraka mno, bila kuchoka. Lakini haina akili ya kukisia. Ukimwambia karani, "Mkate kila mwanachama shilingi 1,000 kwa ajili ya mfuko wa mazishi," atajua mwenyewe kwamba aliyekwisha kufa hakatwi. Kompyuta haijui jambo hilo. Itamkata marehemu mwezi baada ya mwezi, mpaka mtu aandike amri ya kuizuia. Kwa hiyo katika kazi hii shida kubwa si kuandika amri. Shida kubwa ni kujua amri zipi ziandikwe. Na mwenye kujua hayo mara nyingi si mtaalamu aliyeko mjini, bali ni karani, na mweka hazina, na mwanachama aliyepiga foleni tangu alfajiri.

Sasa tuangalie njia mbili za kufanya kazi hiyo.

Njia ya kwanza yafanana na kujenga nyumba ya matofali. Kwanza mwenye nyumba husema anataka vyumba vingapi. Kisha huchorwa ramani. Kisha huchimbwa msingi, ukuta ukapanda, paa likaezekwa. Mwisho mwenyewe hukabidhiwa ufunguo. Kila hatua humalizika kabla ya ile ya pili kuanza, maana ukisha kumwaga zege hulirudishi kwenye mfuko. Watengenezaji wengi wa programu walifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Waliandika kitabu kinene cha mahitaji, wakakitia sahihi, wakajifungia ofisini mwaka mmoja au miwili, kisha wakatoka na programu iliyokwisha.

Katika mwaka 1970 mhandisi mmoja wa Marekani, jina lake Winston Royce, aliandika makala yenye picha ya hatua hizo, moja chini ya nyingine, kama maji yanayoteremka ngazi. Katika makala hiyo hiyo alionya kwamba kufanya kazi hivyo kuna hatari, kwa sababu kosa la hatua ya kwanza huonekana mwishoni, wakati wa kujaribu, na hapo mtu huenda akalazimika kuanza upya. Watu wengi waliichukua picha wakaliacha onyo.

Njia ya pili yafanana na kazi ya fundi wa cherehani. Bibi mmoja analeta kitenge ashonewe gauni. Fundi anampima, anakata, kisha anapiga bandi tu, yaani anashona kwa nyuzi za muda, na kumwambia, "Hebu livae." Bibi analivaa, anainua mikono, anaketi. Anasema, "Hapa kwapani pananibana." Fundi anafumua nyuzi chache na kurekebisha. Laiti angalishona moja kwa moja mpaka mwisho, kwa kuamini vipimo alivyoandika kwenye karatasi, kitambaa kingaliharibika. Na tazameni: bibi yule hakusema uongo alipopimwa. Alikuwa hajui kwamba patambana, mpaka alipolivaa.

Mwezi wa Februari mwaka 2001 watengenezaji wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi la kuitetea njia hii ya pili. Walisema kwamba programu inayofanya kazi ina thamani kuliko rundo la karatasi, na kwamba kushirikiana na mteja ni bora kuliko kushindana naye juu ya mkataba. Tamko hilo limeenea duniani. Lakini jambo jema likienea hupata waigaji. Leo wako watu wanaosimama pamoja kila asubuhi kwa dakika 15, wakabandika karatasi za rangi ukutani, wakajiita wafuasi wa njia mpya, na mtumiaji wa programu hajaulizwa hata neno moja.

Sasa nataka niwapeleke Kenya, tuone jinsi njia hii ilivyofanya kazi katika jambo mnalolijua nyote. Ni habari ya M-Pesa.

Wengi hudhani kwamba M-Pesa ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu kumtumia ndugu yake fedha. Sivyo. Wazo la kwanza lilikuwa la mikopo. Kampuni ya simu ya Vodafone ya Uingereza, kwa fedha zake na fedha za msaada wa Serikali ya Uingereza, ilitaka kuona kama simu ya mkononi yaweza kuwasaidia wenye biashara ndogo ndogo kupokea mikopo na kuilipa. Kazi hiyo ilianzishwa na Bwana Nick Hughes, na Bibi Susie Lonie akatumwa Kenya kuisimamia pamoja na kampuni ya Safaricom. Walishirikiana na Faulu Kenya, shirika la kukopesha watu wa kipato kidogo.

Jaribio lilianza Oktoba 2005, katika Nairobi na Thika. Hawakulitangaza redioni. Hawakubandika picha mabarabarani. Walichukua wateja wa Faulu wasiozidi 500, na maduka machache ya mawakala, basi. Mteja aliyetaka kulipa mkopo alipeleka fedha taslimu kwa wakala, fedha zikaingia katika simu yake, naye akazipeleka Faulu kwa kubonyeza vitufe. Alipokopeshwa, mkopo uliingia kwa njia hiyo hiyo, akaenda kwa wakala kuuchukua.

Kisha wenye mradi wakafanya jambo ambalo wenye miradi wengi hawalifanyi. Walitazama watu wanafanya nini hasa.

Waliyoyaona hayakuwa katika karatasi zao. Mfanyabiashara alikuwa akiweka fedha kwa wakala mji huu, akapanda gari mifuko mitupu, akazitoa mji wa pili baada ya saa chache. Alikuwa akiogopa wezi wa njiani. Wengine walikuwa wakiweka mauzo ya siku jioni na kuyatoa asubuhi, kwa kuwa benki hufunga mapema kuliko duka la wakala. Wakaifanya simu kuwa sanduku la chuma. Wengine walilipana wao kwa wao kwa bidhaa walizouziana. Wako walionunua muda wa maongezi wakawapelekea jamaa zao shamba, badala ya fedha. Na mmoja ambaye mkewe aliibiwa akiwa safarini alimpelekea nauli kwa simu, bibi akapata kurudi nyumbani.

Hakuna aliyewafundisha mambo hayo. Mafunzo yalikuwa ya kulipa mikopo.

Na upande wa mikopo wenyewe, ambao ndio uliokuwa shabaha, ulikuwa na matata. Faulu ilikuwa na utaratibu wake wa vikundi: wanachama hukutana, hulipa mbele ya wenzao, na kila mmoja humdhamini mwenzake. Kama kila mtu alipa kwa simu akiwa sokoni kwake, ni kitu gani kitakachomleta mkutanoni? Tena hesabu za simu na hesabu za Faulu hazikuingiana zenyewe; zilitaka kulinganishwa kwa mkono.

Sasa, ndugu, fikirini wangekuwa wameifuata ile njia ya nyumba ya matofali. Kitabu cha mahitaji kimetiwa sahihi, kimesema "mikopo". Mtu wa makao makuu angeweza kusema, "Hawa wateja wanaitumia vibaya programu yetu. Wafundishwe upya." Nadhani mmepata kusikia maneno ya namna hiyo, hata katika mambo yasiyo ya kompyuta. Wao hawakusema hivyo. Waliliweka kando jambo la mikopo, wakaishika ile kazi ambayo watu walijichagulia wenyewe. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa Wakenya wote, tangazo lake lilikuwa na maana moja tu: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka 2007 kwisha, waliojiandikisha walikwisha kupita milioni moja.

Waliweza kugeuka kwa sababu walikuwa wadogo. Ukiwa na wateja 500, waweza kuwaita, kuwauliza, na kuwabadilishia. Ukiwa na wateja milioni tano na mawakala nchi nzima, kugeuza jambo moja ni kama kugeuza meli bandarini.

Niongeze neno kwa wasikilizaji wa Tanzania. Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa huku kwetu. Mashine ilikuwa ya ukoo ule ule, jina lile lile, lakini mwanzoni watu walijiunga pole pole mno kuliko Kenya. Nchi ni kubwa zaidi, miji imetawanyika, na mawakala walipaswa kupatikana na kufundishwa kwa namna nyingine. Ilibidi watu wa hapa wasikilizwe upya. Jaribio la Thika lilijibu maswali ya Thika.

Na pale ambapo hakuna aliyejaribu kwanza, huwaje? Tuvuke bahari, twende Marekani, nchi yenye wataalamu wengi wa kompyuta na fedha nyingi kuliko zetu.

Kwa sheria ya mwaka 2010, Serikali ya Marekani ilitaka watu wasio na bima ya afya wapate kuinunua kwa urahisi. Ikaagiza itengenezwe tovuti, yaani mahali katika intaneti ambapo mtu aweza kusoma na kujaza fomu, ihudumie majimbo 36. Jina lake HealthCare.gov. Makampuni 55 yalipewa sehemu za kazi hiyo. Kila kampuni ilishika kipande chake. Siku ya kufungua ilikwisha kutangazwa: tarehe 1 Oktoba 2013. Vipande vyote viliunganishwa na kujaribiwa kwa pamoja katika majuma mawili ya mwisho tu. Wakuu wa makampuni yenyewe walisema hivyo mbele ya Baraza la Congress.

Siku ilipofika, watu kwa mamilioni walikwenda kwenye tovuti hiyo. Ikakwama. Kurasa hazikufunguka, majina yalipotea. Mwalimu, andika ubaoni tarakimu hii: 6. Ndiyo hesabu ya watu waliofaulu kujiandikisha bima siku ile ya kwanza. Si elfu sita, wala si mia sita. Watu sita.

Msicheke sana, maana nyuma yake palikuwa na wagonjwa waliokuwa wakingoja bima hiyo.

Ilipotokea hivyo, watu wengi walidhani dawa ni kuongeza mafundi. Hapa inafaa tufanye hesabu kidogo. Chukueni watu wawili: wana njia moja ya kuzungumza. Watu watatu wana njia tatu. Watu wanne wana njia sita. Jaribuni wenyewe kwa kupeana mikono, kila mtu na kila mwenziwe. Watu kumi wana njia 45. Watu hamsini wana njia 1,225. Watu wameongezeka mara tano, lakini mazungumzo yameongezeka zaidi ya mara ishirini na saba. Tena mtu mpya hajui kitu. Inambidi yule anayejua aache kazi yake amfundishe. Bwana Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa za kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba mradi wa programu uliochelewa, ukiuongezea watu, utachelewa zaidi. Kulima shamba si hivyo: jembe la pili lalima tuta la pili. Programu ni kama watu wengi wanaoandika barua moja.

Tovuti ya Marekani iliokolewa na kundi dogo lililoketi pamoja na waliokuwa wakiifanya kazi. Mmoja wao alikuwa Bwana Mikey Dickerson, aliyetoka kampuni ya Google. Aliweka kanuni chache za mikutano. Mkutano ni wa kutatua shida. Wenye kutaka kutupiana lawama wakafanyie mahali pengine. Anayesema ni yule anayelijua jambo zaidi, si mwenye cheo kikubwa zaidi. Na watu washughulikie mambo ya leo na kesho, si ya mwezi ujao. Walikutana kila siku. Mwanzoni mwa Desemba tovuti ilikuwa ikiwafaa watu walio wengi. Aprili 2014 Rais Obama alitangaza kwamba watu milioni nane wamejiandikisha, katika soko la serikali kuu na yale ya majimbo kwa jumla. Kanuni ile ya pili, ya anayejua kusema mbele ya mwenye cheo, naipenda kuliko zote, na naona ndiyo ngumu kuliko zote, hasa kwetu tulivyozoea kumngojea mwenyekiti.

Sasa turudi kwenye chama chenu na yule bwana mwenye tai.

Atakapokuja, atafungua kompyuta yake na kuwaonyesha picha nzuri. Msiseme ndiyo siku ile. Mwambieni aanze na tawi moja, au kijiji kimoja, kwa miezi michache. Vitabu vya zamani viendelee kuandikwa sambamba na programu, na kila mwisho wa mwezi karani alinganishe hesabu hizi na zile, shilingi kwa shilingi. Ni kazi mara mbili, najua, na makarani watanung'unika. Lakini vitabu visiachwe kabla hesabu hazijalingana. Malipo nayo yasitoke yote mwanzoni. Lipeni sehemu kwa kila kazi ambayo mmeiona kwa macho inafanya kazi, si kwa kazi iliyoahidiwa.

Kisha mpeni mitihani. Msimpe mwanachama mmoja mwenye jina zuri na hesabu nyepesi, maana huyo kila programu itamweza. Mpeni Juma Ali wawili wa kijiji kimoja. Mpeni mama aliyebadili jina alipoolewa. Mpeni aliyefariki, ambaye watoto wake watatu wanadai hisa. Mpeni aliyelipa nusu ya deni kwa fedha na nusu kwa mahindi, kama chama chenu kinaruhusu. Zimeni umeme kazi ikiwa katikati, mwone hesabu inabaki wapi. Akikasirika, mmejifunza jambo. Akitoa daftari na kuandika, mmejifunza jambo jingine.

Na hapa nasema nanyi hasa, mlio katika darasa hili. Wakitafutwa watu wa kuijaribu programu, viongozi watataka kumtoa kijana aliyemaliza sekondari. Kijana atabonyeza haraka, atakisia, atafika. Mtengenezaji atarudi mjini akidhani mambo yote ni sawa. Mtu anayefaa ni wewe unayesoma pole pole. Wewe utasimama kwenye neno lisiloeleweka. Wewe utauliza, "Hapa pameandikwa 'thibitisha', nikibonyeza, fedha zimekwisha kwenda, au bado?" Swali hilo lina thamani kwa mtengenezaji, kwa kuwa watu elfu watakwama pale pale, na wengi wao wataona haya kuuliza. Kaa naye kwenye benchi. Soma kwa sauti kila unachokiona, na kidole chako kikifuata. Akitaka kukuonyesha, mwambie anyamaze kwanza aone unavyokwenda.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo ni hii. Chagueni kazi moja ya karani wa chama, mathalan kupokea mazao au kuandika mkopo. Andikeni amri zake moja moja, kila amri mstari wake, kama kwamba mnamwandikia mtu asiyejua kukisia. Kisha mpeni mtu wa kikundi kingine azifuate kama zilivyo, neno kwa neno, bila kumwongoza. Andikeni mahali alipokwama, na tarehe, na jina la aliyekwama kama yeye mwenyewe aridhia. Mwalimu atazikusanya karatasi hizo tuzisome pamoja katika somo lijalo, ambalo litakuwa habari ya nywila za siri na namna ya kuzitunza.